Mchicha mchanga huingia moto ukishazimwa

Mchicha wengi wetu tunaujua ukiwa sufuriani. Unachambuliwa, unaoshwa, unakatwakatwa na kutiwa kwenye kitunguu kilicholainika, na muda si mrefu rundo lililokuwa limejaza beseni linabaki kiasi cha bakuli moja. Ni mboga nzuri na sina neno nayo. Ninaotaka kuuzungumzia hapa ni mchicha wa umri mwingine kabisa: miche iliyokatwa ikiwa na siku 10 hadi 14, urefu wa sentimita 3 hadi 5, kila mche ukiwa na kibua kimoja chembamba na majani mawili ya mwanzo, yale yaliyokuwa yamejikunja ndani ya mbegu. Jambo la kwanza ningependa kila anayeununua au kuuotesha alijue ni kwamba haupikwi. Unaingia kwenye chakula moto ukishazimwa, na mara nyingi chakula kikiwa kimeshapakuliwa.

Nasema hivyo kwa mkazo kwa sababu watu huupoteza kwa njia mbili. Wapo wanaoufanya pambo: miche mitatu juu ya kipande cha nyama, ambayo mlaji huisogeza pembeni kwa uma. Na wapo wanaouona kama mboga ya kawaida iliyovunwa mapema, wakautia kwenye mafuta ya moto pamoja na nyanya. Wa kwanza hawaujui ladha yake kwa sababu hawakuuweka wa kutosha. Wa pili hawaujui kwa sababu umeyeyuka kabla haujafika mezani. Nafasi yake hasa iko karibu na giligilani na mnanaa, yaani majani yanayotiwa mabichi mwishoni, ila huu unahitaji mkono mkubwa zaidi. Kwa mtu mmoja mimi hutia kiganja kilichojaa, kama gramu 20 hadi 25. Chini ya hapo unauona lakini huusikii mdomoni.

Chukua mche mmoja uutazame kwa karibu. Kibua chake ni chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kwenye aina nyekundu kina rangi ya waridi iliyokolea kuanzia chini hadi juu. Ukikishika mbele ya dirisha utaona mwanga unapita ndani yake. Majani mawili ni marefu na membamba, yamechongoka kidogo kwenye ncha, tofauti kabisa na yale ya figili au kabichi ambayo huwa na umbo la moyo. Upande wa chini wa jani mara nyingi ndio wenye wekundu mkali zaidi. Sasa utafune peke yake, bila chumvi. Kwanza yanakuja maji na mkatiko mdogo wa kibua. Halafu utamu hafifu. Mwisho kabisa, ukishameza, inabaki ladha ya udongo, ile ile unayoipata kwenye bitiruti, ila nyepesi zaidi. Hamna ukali wa haradali, hamna uchungu. Ndiyo maana hata asiyependa majani mabichi huukubali. Na ndiyo maana pia hufunikwa kwa urahisi sana: pilipili nyingi, kitunguu saumu kibichi au jibini lenye harufu kali vikiingia, ladha yake haisikiki tena.

Umri wa kuukata una uzito kuliko watu wanavyodhani. Majani halisi ya kwanza yakishachomoza katikati ya yale mawili ya mwanzo, mche unaanza kuwa mchicha mkubwa. Bua linapata nyuzi, utamu unapungua, na ladha ya udongo inazidi. Bado unalika, tena vizuri, lakini mimi huupenda zaidi pale kijani hicho kipya kinapoanza tu kuonekana kama nukta katikati. Kuhusu aina, iliyoenea zaidi kwa kazi hii ni ile nyekundu inayouzwa kwa jina la Red Garnet na ndugu zake. Mchicha wa kijani pia unafaa na ladha yake haiko mbali, lakini ukweli ni kwamba nusu ya starehe ya mchicha mchanga iko kwenye rangi, na rangi hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoamua namna ya kuutumia.

Wekundu na zambarau wa kabichi nyekundu, zabibu nyeusi na biringanya hutokana na rangi za kundi la anthosianini. Mchicha hauna hizo. Wenyewe una betalaini, kundi lile lile lililomo kwenye bitiruti na kwenye tunda la dungusi kakati. Mimea yenye betalaini haitengenezi anthosianini, na haujapatikana mmea wenye zote mbili kwa asili. Mpishi ana sababu ya kulijali hilo. Kabichi nyekundu hubadilika kila unapogusa uchachu wake: ndimu huifanya iwe nyekundu, magadi huifanya buluu. Mchicha mwekundu haubabaishwi hivyo. Kuanzia uchachu wa limau hadi chakula kisicho na uchachu wowote, rangi yake inabaki pale pale. Kinachoiharibu ni magadi mengi, ambayo huigeuza kuelekea manjano, na zaidi ya yote joto. Betalaini huvunjika kwa joto, na pia huyeyuka kwenye maji. Jani likiwa hai na zima, rangi imefungiwa ndani ya seli. Seli zikipasuka kwa moto, rangi inavujia kwenye maji ya kupikia, na kile kinachobaki kwenye jani kinafifia hadi kijani chenye ukahawia. Weka kiganja cha mchicha mchanga kwenye maji yanayochemka na utaona yote hayo kwa nusu dakika: maji yanakuwa waridi, majani yanakuwa uzi uliolowa.

Ukishalijua hilo, unaweza kulitumia. Rangi inayovuja ni hasara ikivujia kwenye maji utakayomwaga, lakini ikivujia kwenye chakula cheupe utakachokila ni jambo zuri. Kwa hiyo nikiwa na trei ya mchicha mwekundu, akili yangu huenda moja kwa moja kwenye vitu vyeupe au vya rangi hafifu: mayai, viazi, maharage meupe, mtindi mzito, jibini bichi, wali, samaki wa nyama nyeupe. Ladha za vitu hivyo nazo ni pole, kwa hiyo ule udongo mtamu wa mchicha unasikika.

Mayai ndiyo ninayoyapenda kuliko vyote. Napiga mayai matatu na chumvi kidogo, nayapika kwa siagi kwenye moto mdogo huku nikiyavuruga polepole kwa mwiko wa mbao, na kuyatoa jikoni yakiwa bado yana unyevu unaong'aa. Hapo ndipo wengi wanakosea muda, kwa sababu kikaango kinaendelea kupika hata moto ukiwa umezimwa. Nayahamishia kwenye sahani mara moja. Nasubiri kidogo, mvuke mkali upungue, kisha nachukua kiganja cha mchicha na kukigawa. Nusu naifunika ndani ya mayai, nikiyakunja juu yake mara mbili tatu tu. Nusu nyingine naitawanya juu. Miche ya ndani inalegea na kuacha mistari ya waridi kwenye yai, na inapoteza ubichi wake bila kuwa mboga iliyoiva. Ya juu inabaki imesimama na inakatika kwenye meno. Kwa hiyo kwenye kijiko kimoja una mchicha wa hali mbili. Matone machache ya limau juu yake, pilipili manga, basi. Siongezi jibini, siongezi kitunguu. Mayai na siagi vina mafuta ya kutosha, na mafuta hayo yana kazi nitakayoirudia chini.

Supu inataka uangalifu wa namna nyingine. Supu nzito ya viazi iliyosagwa, au ya koliflawa, inafaa sana kwa sababu uso wake unaweza kubeba majani. Supu ya maji maji haifai, miche inazama na kuiva. Pakua supu, iache itulie mpaka mvuke usiwe wa kuunguza, kisha weka mchicha katikati kama kilima kidogo, si kuutawanya. Ukiutawanya kila mche unagusa supu na kulegea. Ukiurundika, wa chini tu ndio unaolegea, na mlaji mwenyewe anauzamisha kidogo kidogo kadiri anavyokula. Mafuta ya zeituni yamwagiwe kwenye supu kuzunguka kilima, si juu yake, kwa sababu jani lililolowa mafuta hulegea upesi.

Maharage meupe yaliyosagwa na limau, parachichi lililopondwa juu ya mkate uliokaushwa, kipande cha samaki aliyeokwa: kote huko kanuni ni moja na sihitaji kurefusha. Chakula kikiwa tayari, mchicha juu, mezani.

Kwenye saladi, tatizo kubwa ni chumvi na muda. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye jani lolote, na jani lenye ngozi laini namna hii halina ubishi, ndani ya dakika chache linalala. Kwa hiyo saladi yenye mchicha mchanga mimi huitengeneza kwa awamu. Vitu vizito, kama tango, viazi vilivyochemshwa, vipande vya chungwa au dengu zilizopoa, vinachanganywa kwanza na chumvi, limau na mafuta, na vinaachwa vinywe. Mchicha unaingia watu wakiwa wameshakaa, unageuzwa mara mbili kwa vidole, na haupati chumvi ya peke yake. Ile iliyoshikamana na vitu vingine inatosha. Chungwa linastahili kutajwa mara ya pili: utamu na uchachu wake huinua ule utamu mdogo wa mchicha kuliko limau peke yake. Vipande vya chungwa vilivyomenywa mpaka ngozi nyeupe yote imetoka, lozi zilizokaangwa zikakatwakatwa, mchicha mwekundu kwa wingi, mafuta kidogo. Hiyo ni saladi ninayoweza kuila bila kitu kingine pembeni.

Kuna matumizi moja tu ambapo nakubali kuusaga, nayo ni mchuzi mbichi wa kupaka. Sharti la kwanza: usiuchanganye na majani mabichi ya kijani. Rehani au giligilani ikikutana na mchicha mwekundu kwenye blenda, kijani na wekundu vinazaa rangi ya matope ambayo hakuna anayeitamani. Tumia kitu cheupe. Mimi hutumia korosho mbichi kama gramu 40, kipande kidogo cha kitunguu saumu, kijiko kikubwa cha maji ya limau, chumvi, na vijiko vikubwa vinne vya mafuta ya zeituni. Vyote hivyo vinasagwa kwanza mpaka vilainike. Ndipo inaingia gramu 60 hivi ya mchicha, na hapo blenda inawashwa na kuzimwa, kuwashwa na kuzimwa, mara chache tu, kwa sababu visu vikizunguka muda mrefu vinaleta joto na joto tumeshaliona linachofanya. Kinachotoka ni uji mzito wa wekundu wa giza, wenye utamu wa korosho mbele na udongo nyuma. Uliwe siku hiyo hiyo. Kesho yake ladha bado ipo, lakini rangi imeshachakaa. Mwenye kinu na mchi atapata mchuzi mzuri zaidi kuliko wa blenda, maana kuponda hakuleti joto la maana na vipande vinabaki na ukubwa tofauti tofauti.

Yote haya yanategemea mchicha uliokatwa karibuni, na ndiyo sababu naona afadhali kuuotesha mwenyewe. Si kazi ngumu, ingawa mchicha una tabia zake. Mbegu zake ni ndogo mno, gramu moja ina mbegu zipatazo elfu moja au zaidi. Kwa trei ya sentimita 25 kwa 50, vijiko viwili vya chai vya mbegu vinatosha kabisa, na ukizidisha unajitafutia maradhi. Mbegu haziloweshwi kabla. Zikilowa hugandana na hutaweza kuzitawanya sawasawa. Jaza trei mboji laini au unga wa makumbi ya nazi, kina cha sentimita 3 hivi, sawazisha uso, lowesha, kisha nyunyiza mbegu juu kwa kidole na dole gumba kama unavyotia chumvi kutoka juu. Usizifukie. Zikandamize kidogo kwa kiganja zishikane na udongo, pulizia maji kwa chupa ya kupuliza, na funika trei kwa trei nyingine ili ndani kuwe na giza na unyevu.

Mchicha ni mmea wa joto. Kwenye nyuzijoto 25 hadi 30 mbegu huanza kuchipua ndani ya siku mbili au tatu. Chini ya 15 hujivuta, nyingine huoza kabla hazijaota. Asiye na chumba chenye joto atafute sehemu ya juu ya friji, pale nyuma ambapo pana uvuguvugu. Funiko hutolewa siku ya tatu hadi ya tano, miche ikiwa imenyooka na bado imepauka. Hapo ipelekwe kwenye mwanga mzuri, na uone jinsi inavyobadilika. Ile miche iliyopauka inakolea siku hadi siku, na wekundu wake hutegemea sana mwanga inaoupata. Iliyokaa kwenye kona yenye giza hurefuka, inakuwa dhaifu, na inalaliana.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa kuoza shingo. Miche inakatika usawa wa udongo na kuanguka kwa mafungu, na mara nyingine utaona utando wa ukungu kama buibui chini yake. Vimelea vinavyosababisha hali hiyo hupenda unyevu uliotuama, hewa isiyotembea na miche iliyosongamana. Miche ya mchicha ni myembamba sana, kwa hiyo huathirika upesi kuliko ya figili au alizeti. Dawa ni kuzuia: kupanda kwa nafasi, na funiko likishatolewa, kumwagilia kwa chini tu. Trei yenye matundu inawekwa ndani ya trei isiyo na matundu, maji yanamwagwa kwenye ile ya chini, udongo unakunywa kwa dakika kumi na tano hivi, na yanayobaki yanamwagwa. Majani hayaguswi na maji tena mpaka siku ya kuvuna. Feni ndogo inayopuliza polepole chumbani inasaidia sana. Na kuhusu mbegu: nunua zile zinazouzwa kwa ajili ya kula miche yake au zilizoandikwa wazi kwamba hazijatiwa dawa. Mbegu za shambani hupakwa viuatilifu wakati mwingine, na mmea unaoliwa ukiwa na siku 10 haujapata muda wa kuviacha nyuma.

Mkasi uwe mkali. Mkasi butu unabana kibua badala ya kukikata, kinatoa maji pale kilipobanwa na ndipo kinapoanza kuoza. Kata juu kidogo ya udongo, miche michache kwa wakati. Ikishakatwa hivyo haichipui tena, kwa sababu sehemu ya kukua iko juu, katikati ya yale majani mawili, na umeiondoa. Asiyetaka kuvuna yote kwa mara moja aache upande mmoja wa trei uendelee kukua. Utapata majani makubwa kidogo ya kutia kwenye saladi wiki inayofuata, na hayo yanavumilia hata moto mdogo.

Sasa kuhusu lishe, ambako maneno mengi husemwa kwa kukuza. Utafiti unaotajwa mara nyingi ulichapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na Idara ya Kilimo ya Marekani. Walipima vitamini kwenye aina 25 za miche michanga ya mboga. Mchicha mwekundu ndio ulioongoza kwa vitamini K1, ukiwa na mikrogramu 4.1 kwa kila gramu ya mche mbichi. Vitamini C yake ilikuwa karibu miligramu 132 kwa gramu 100, nyuma ya kabichi nyekundu iliyokuwa na 147. Tuzipeleke namba hizo sahanini. Kiganja cha gramu 25 kwa kipimo hicho kinakupa mikrogramu kama 100 za vitamini K1, ambazo ni takriban mahitaji ya siku ya mtu mzima, na miligramu 33 za vitamini C. Si haba kabisa kwa kitu kilichowekwa juu ya yai. Lakini ni gramu 25. Protini, nyuzi na nishati zinabaki kuwa kazi ya chakula kilicho chini yake, na anayeuuza mchicha mchanga kama tiba anauongezea sifa usizokuwa nazo. Viwango vyenyewe pia hubadilika kulingana na mbegu, mwanga na umri wa kuvunwa.

Hapa ndipo mafuta yanapoingia. Vitamini K na karotini huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huzipokea vizuri zaidi zikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Siagi kwenye mayai, parachichi, korosho, kijiko cha mafuta ya zeituni, vyote vinafanya kazi hiyo. Vitamini C kwa upande wake haipendi joto wala kuloweshwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuula mbichi. Tena ikiwa kwenye mlo mmoja na maharage au dengu, inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo humo.

Watu wa aina mbili wawe waangalifu. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kula mchicha mchanga kwa wingi ghafla bila kuongea na daktari wake, kwa sababu vitamini K inaenda kinyume na kazi ya dawa hiyo, na kinachotakiwa kwake ni kiasi kisichopandapanda na kushuka. Na aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea mingi, akumbuke kwamba mchicha ni jamii yenye oksaleti. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti, lakini huu hauchemshwi, kwa hiyo kwake kiasi ndicho kinga. Kwa wengine kiganja kimoja si jambo la kuhofia.

Kuuosha nako kuna namna yake. Mchicha uliooteshwa vizuri na kumwagiliwa kwa chini unakuwa safi, lakini maganda meusi ya mbegu hung'ang'ania ncha za majani, na yakibaki yanasikika mdomoni kama mchanga. Jaza bakuli kubwa maji baridi, tumbukiza mchicha kwa mafungu madogo, uzungushe taratibu kwa vidole. Maganda mengi yanajitenga, mengine yanaelea, mengine yanazama. Uinue kwa mikono badala ya kumwaga kila kitu kwenye chujio, la sivyo maganda yanarudi juu yake. Utandaze kwenye kitambaa safi, funika kwa kingine, uache mpaka ukauke. Usiukamue wala kuupigapiga. Ukiona kitambaa kimepata madoa ya waridi, umeushika kwa nguvu mno. Bakuli la maji lenye waridi kidogo ni kawaida, hiyo ni rangi ya sehemu zilizokatwa.

Afadhali uuoshe wakati wa kuula. Wa akiba uwekwe mkavu kwenye chombo chenye mfuniko, karatasi ya jikoni chini na juu, ndani ya friji kwenye nyuzi 4 hivi, mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha. Hapo utakaa siku tano, pengine wiki moja. Ukiona majani yameanza kuwa meusi na kushikamana, hayo hayarudi, yatupwe pamoja na yaliyoyagusa. Kugandisha kwenye friza sikushauri hata kidogo. Barafu inapasua seli, na ukiyeyuka unakuwa na kijiko cha maji mekundu na nyuzi.

Ule ambao umelegea lakini haujaharibika, siku ya tano au ya sita, una kazi moja iliyo nzuri sana. Kata kitunguu cheupe vipande vyembamba, tia chumvi na kijiko cha sukari, kisha uufinye mchicha kwa vidole ndani yake mpaka uanze kutoa rangi. Mimina siki baridi ifunike vyote, funga chupa, weka kwenye friji usiku kucha. Siki haiigeuzi betalaini na baridi inailinda, kwa hiyo asubuhi kitunguu kimekuwa cha waridi nzima nzima. Majani yenyewe kufikia hapo hayana mvuto, yachuje uyatoe. Kitunguu kiweke juu ya viazi vya kuchemsha, au ndani ya mkate na yai, na kama trei inayofuata imeshafika kimo, tia na miche mibichi juu.